Rangi Imebanduka Dirishani, Lawama Kabeba Muuza Rangi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kucheka najua utacheka, ila nivumilie kwanza. Mimi ni kijana mtanashati, shule tuliachana mapema bila ugomvi, lakini mikono yangu inajua kazi kuliko vyeti vya watu, au ndivyo nilivyojigamba hadi mtaa ukaniita Fundi Bingwa. Sasa shangazi yangu aliyenilea alitaka fremu za plastiki za madirisha ya sebuleni, upande wa ndani, zipakwe rangi nyeupe, maana zilikuwa njano kama meno ya mvuta sigara, nikamwambia fundi wa nini na mimi nipo, nikaenda kwa mzee muuza rangi, akaniuliza napaka nini, akanionya kwamba plastiki haishiki rangi hivi hivi, niikwaruze kwa msasa, niioshe mafuta yatoke, nipake rangi ya chini ya kushikia, ndipo nije na nyeupe, nami mbele ya wateja wake nikamwambia, "Mzee, wewe uza, kupaka tuachie wenye mikono," wakacheka, nikatoka kifua mbele.

Nikapaka juu ya vumbi na mafuta, zikang'aa hizo, shangazi akaita majirani waje waone kazi ya mwanawe. Juzi kapitisha kitambaa kibichi, rangi ikabanduka yote kama utando wa maziwa, akabaki kaishika mkononi, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hii ni nini?" Mshauri, ulimi ukaniponyoka, nikasema mzee kaniuzia rangi feki. Basi shangazi kawatangazia majirani, na akitangaza yeye redio zinazimwa, sasa watu wanampita mzee bila salamu, jana nimemkuta kakaa peke yake dukani anafuta makopo yasiyo na vumbi, nikapita nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Nikisema ukweli, shangazi ataaibika na jina langu limekwisha; nikinyamaza, mzee atafunga duka. Nifanyeje?

Aliyekuwa Fundi Bingwa

JIBU

Kijana, pole, ila pole yenyewe ni fupi. Ulimi haukukuponyoka, uliutuma. Na usijifiche nyuma ya aibu ya shangazi. Unayemhurumia ni wewe. Kuharibu kazi si dhambi, kila fundi ana ukuta asiopenda kupita mbele yake. Lakini mzee alikupa ukweli bure, ukamlipa uongo.

Leo hii, kabla hujala, kaa chini umwambie shangazi. Atafoka. Mwache afoke, usijitetee. Kisha mfuatane dukani wakati wateja wamejaa, maana ulimdharau mbele za watu, useme, "Rangi ilikuwa nzima, kosa ni langu." Ukiongeza "lakini," umeharibu. Ukitoka hapo, bisha hodi kila mlango uliofikiwa na uongo wako.

Halafu bandua rangi yote, shika msasa, fanya kama ulivyoelekezwa. Mzee asipokusamehe, hiyo ni haki yake, na usirudi nyumbani kumsema.