Shangazi Agata Nyalau, Mama Mkwe wa Kambi Nzima

Shangazi, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipotuachia nyumba ikinukia moshi wa samaki ukaenda zako bila kuaga. Leo familia inakuandikia. Kalamu nimepewa mimi, Ilin wako, kwa sababu nilikaa nawe ngalawani siku nyingi kuliko wengine. Niliwaambia shule niliishia darasa la tano. Baba akasema wewe hukufika hata hapo, na hakuna siku uliyokosa la kusema.

Ni kweli. Ulisema na samaki, ulisema na mawimbi, na injini ya boti uliitukana kama mume mvivu mpaka inawaka. Kicheko chako kilisikika nyumba ya nne kabla hujaonekana. Meno yako yalikuwa mekundu kwa kutafuna popoo na chokaa, na mtoto yeyote aliyelia kijijini alitulizwa na wewe kwanza, ndipo aulizwe ni wa nani. Mimi uliniomba kwa Baba nilipoanza kutembea, ukasema nyumba yako imepwaya. Ukanilea. Nilipokuwa nikijificha nyuma ya wavu wageni wakija, ulikuwa unawaambia, "Huyu anasikia yote, hasemi hata moja. Mtunzieni siri zenu."

Leo nasema, Shangazi. Nataka watu wasikie habari ya mkwe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa kambi ya ng'ambo ya ghuba ilipofungwa. Wale wanaume waliokimbia vita makwao, wakaletwa kisiwani kwetu miaka ile na nchi nyingine iliyowakataa, bila kuulizwa, waliambiwa wahame waende mahali pengine. Wakaogopa, wakakataa kutoka. Basi maji yakakatwa, majenereta yakabebwa, chakula kikakoma. Kutoka nyumba yetu iliyo juu ya nguzo majini tuliwaona wakichimba mchangani kutafuta maji ya kunywa. Siku ya kwanza uliendelea kuparua samaki. Siku ya pili ulitua kisu.

Ulikwenda kwa Baba kumwomba ngalawa yake kubwa. Baba, kaka yako Kaspou, alikuwa anatengeneza nyavu, hakuinua hata macho.

"Dada, sisi tunalisha ndugu na tunalisha wakwe," alisema. "Wale si ndugu, si wakwe. Nikianza kulisha kila aliyeletwa na bahari, nitakula nini mimi?"

Hukumjibu. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo, maana wewe kukaa kimya ilikuwa kama mvua kunyesha kwenda juu.

Kesho yake kulipopambazuka tulipakia ngalawa yetu ndogo: magunia ya unga wa sago, samaki wa moshi, madafu, madumu ya maji. Uliniambia nivae kanga safi. Sikuuliza kwa nini.

Kwenye gati dogo la kambi alikuwa amesimama Pomasin, mtoto wa kijiji cha jirani, kavaa sare ya ulinzi iliyomzidi mabega. Ulimjua tangu anatambaa. Akakusalimu kwa heshima, akakuomba radhi, akasema amri ni kwamba hakiingii kitu. Labda mtu awe na mtu wake humo ndani.

"Ninaye," ulisema.

"Nani, Mama?"

Ukaangaza macho ufukweni. Wanaume walikuwa wamesimama majini mpaka magotini, wanatutazama. Mmoja alikuwa na shati la njano. Ukamnyooshea kidole. "Yule. Mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

Ukamtazama Pomasin kama vile amekuvua nguo. "Wewe Pomasin, mama yako alikulea wapi? Tangu lini mama akataja jina la mkwe wake?"

Na hapo hapo ukavuta kitambaa ukajifunika kichwa chote, kama inavyompasa mama anapokuwa mbele ya mume wa binti yake.  Pomasin alijua unadanganya, na wewe ulijua kuwa anajua. Lakini jina hakuweza kukudai, na chakula cha mkwe hakizuiwi na mtu, labda anayetaka kugombana na koo mbili.

"Mkwe kwa binti yupi?" aliuliza taratibu.

Kitambaa kikageuka kunielekea. Nilitamani ngalawa izame. Niliinama nikatazama madumu ya maji kama vile nayahesabu.

Pomasin akacheka kwa pua. "Hongera, Ilin. Haya, kiingie. Ila Mama, mkwe mmoja ana matumbo mangapi? Haya magunia yote?"

"Anakula na ndugu zake," ulisema ndani ya kitambaa. "Amelelewa vizuri, si kama wengine."

Tulirudi tukicheka mpaka ngalawa ikayumba. Ulifurahi kama mtoto, Shangazi. Ulirudia maneno yako mwenyewe njia nzima, kila mara ukiyapamba zaidi. Nami nilicheka, lakini mashavu yalikuwa yananiwaka moto.

Tukawa tunakwenda kila asubuhi. Shati la Njano ndiye aliyepokea. Kwao alikuwa fundi wa viatu. Alikuwa mwembamba, mwenye aibu kuliko hata mimi, na alijua Kipijini, lugha yetu ya sokoni, cha kubahatisha. Alituambia mle ndani wapo wanaume mamia, na kuna wagonjwa wasioweza kuinuka tena. Ngalawa yetu haikutosha hata robo yao. Ulianza kula mara moja kwa siku ili gunia lijae. Petroli ikaisha, tukawa tunapiga makasia mpaka mikono yako ikatoka malengelenge. Usiku hukulala, ulikuwa unawaza mahali pa kupata sago. Hili hukutaka watu walijue, lakini mimi nililala pembeni yako.

Kisha likatokea lile kosa.

Shati la Njano alikuwa amemwuliza Pomasin yule mama anaitwa nani, na Pomasin bila kufikiri akamwambia. Basi asubuhi tulipokaribia, maskini, yeye alitaka kukuheshimu. Akaweka mikono mdomoni akaita kwa nguvu zake zote, sauti ikavuka maji, "Mama Nyalau! Asante, Mama Nyalau!"

Wanawake waliokuwa wakiokota kombe mwambani wakasimama wima. Mmoja akaangusha kikapu. Mkwe ametaja jina la mama mkwe, tena kwa kelele, tena mchana kweupe. Na mkubwa wa walinzi, ambaye si wa kisiwa hiki, akamwuliza Pomasin mbona watu wote wameshika vichwa. Pomasin ikabidi aeleze. Yule mkubwa akasema basi huyo si mkwe wa mtu, kesho hakiingii hata dafu.

Tukageuza ngalawa. Ulipiga kasia moja tu kisha ukaacha maji yatuchukue. "Nimewaua," ulisema. Ulikuwa hujawahi kulia mbele yangu.

Kumbe wale wanawake walikwisha kufika sokoni mjini Lorengau kabla sisi hatujafika nyumbani, na Baba alikuwepo pale anauza pweza. Wakamwambia mkwe wake amelitukana jina la dada yake mbele ya bahari nzima. Baba akauliza mkwe gani. Wakamweleza, mume wa Ilin. Wanasema alimrudisha pweza kikapuni, akaenda kuwatafuta wazee.

Alfajiri tukasikia ngalawa kubwa ikishushwa. Baba alikuwa amevaa shingoni mkufu wa meno ya mbwa wa babu, ule wa siku za mambo mazito ya ukoo, na wazee wa ukoo walikuwa wamekaa nyuma yake wamenuna. Tukawafuata, mimi na wewe, katika ile yetu ndogo. Uliniambia, "Ilin, leo baba yako atasema neno moja. Akisema hamjui, wale watu wamekwisha."

Gatini walijaa walinzi, na yule mkubwa mbele yao. Wanaume wa kambi walikuwa wamepangana ufukweni, midomo imepasuka kwa kiu. Baba akasimama ndani ya ngalawa. Alinitazama mimi, akakutazama wewe uliyejifunika kitambaa. Halafu akaita, sauti yake nzito ile ya mikutano:

"Mkwe wangu yuko wapi? Atoke anilipe. Amemtaja dada yangu jina."

 Ulinishika goti ukalibana mpaka likauma. Maana mtu hadai fidia ya mkwe kwa mtu asiye mkwe wake. Wazee wote walisikia, walinzi wote walisikia. Pomasin akamgeukia mkubwa wake, akamwambia kwa upole kwamba sasa hilo ni jambo la ukoo, na pale gatini walinzi wote ni watoto wa kisiwa.

Shati la Njano akaja mbele. Alipofahamishwa kosa lake alificha uso. Wenzake wakaingia ndani wakatoka na walichonacho: mablanketi, mpira wa miguu, sufuria, saa ya mkononi iliyosimama, gitaa waliloliunda wenyewe kwa mbao za vitanda. Yeye akavua lile shati akaliweka juu ya vyote. Baba akapokea kimoja kimoja kwa mikono miwili, wala hakutabasamu.

Tulipofika katikati ya ghuba ukamsogelea. "Kaka, umepokea."

"Nimepokea."

"Anayepokea kwa mkwe anarudisha chakula. Ukoo mzima."

Baba akatazama maji. "Kwani mimi sijui desturi?" akasema, akavuta kasia. Hajawahi kutuambia kama aliyajua hayo tangu sokoni au yalimjia pale pale.

Siku ile iliyofuata, Shangazi! Hakuna aliyebaki nyumbani. Ngalawa zilitoka kila upande wa kijiji, za wajomba, za binamu, hata za wale waliosema hawataki kuwaona watu wa kambi. Zilijaa sago, viazi vikuu, kaa waliofungwa kwa kamba, ndizi, nguruwe mzima, na maji, maji, maji. Vijana walipiga ngoma za magogo tukivuka. Wewe ulisimama katikati ya ngalawa yetu na kitambaa kichwani, unacheza kwa mabega, unaniambia nishike usukani nisitazame watu. Walinzi walibeba magunia wenyewe. Pomasin alipita na kaa wawili mkononi, akauliza, "Kwa nini mimi sikuoa kwenu?" Wanaume wale walikunywa madafu huku wanalia, na wagonjwa walitolewa nje wakalishwa kwa mikono ya mama zetu.

Tulipeleka mpaka siku walipohamishwa. Kisha miaka ikapita, mmoja mmoja wakaondoka kwa ndege kwenda nchi za mbali. Kila aliyeondoka ulimlilia kivyake. Shati la Njano alipata nchi yenye theluji, akafungua kibanda cha viatu. Alipiga simu kila Jumapili baada ya misa, na wewe ulijifunika kichwa ndipo upokee. Nilikuambia hakuoni. Ukasema, "Mimi nitajijua nimejifunika."

Nasi, mimi naye, hatukuoana. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Lakini jina lake sijawahi kulitamka.

Na sasa sikiliza, Shangazi, hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo. Kuondoa matanga ni kazi ya mkwe. Wajomba walisema ifanywe na mtu mwingine, kwa kuwa yule yuko mbali na pengine desturi hizi amezisahau. Baba akakataa. Akasema tutakaa na matanga mpaka tuzeeke. Basi juzi simu imekuja. Ameshapata hati ya kusafiria. Anatua Ijumaa! Ameuliza alete nini, akauliza aanze kumkata nani nywele za msiba tulizozifuga, akauliza aingie kwa mlango gani. Amejifunza yote. Wenzake wamemtuma na mablanketi mapya ya kufunika kaburi lako, kila mmoja la kwake.

Baba anabadilisha mbao za sakafu tangu jana. Kila anayepita anaambiwa, mkwe wangu anakuja. Wanawake wa sokoni wananiuliza nitavaa nini. Sijawajibu. Ila kanga nimeifua.

Wanaokukumbuka: kaka yako Kaspou; wifi yako Hikoe; mimi binti yako Ilin; wajomba na binamu wote wa nyumba za majini; Pomasin na mama yake; wakwe zako walioko nchi za mbali; na mmoja ambaye jina lake hapa haliandikwi.

Tutakukumbuka siku zote, Shangazi Nyalau.