Sura Iliyotundikwa Kichwa Chini

Tuwan, Kitale

Kwa Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini goti halikusumbui na baridi hii, na kwamba ng'ombe amezaa salama. Kwa Shangazi Wilkista sote ni wazima, ila mimi usingizi umenihama. Ningepiga simu, lakini nakujua: ungecheka, ungeuliza kama nimekula, na mambo yangeishia hapo.

Mwalimu wangu wa uchoraji, mzee Gicheru, alinitia shaka tangu siku ya kwanza. Aliponiona mlangoni alisahau kujibu salamu. Kisha akataka kujua kwetu ni wapi na mama yangu ni nani. Nikakumbuka onyo lako kwamba nikiulizwa niseme natoka Lwakhakha, nisitaje kwetu Kanduyi kamwe. Nikasema hivyo. Nilidhani unaogopa matapeli, na huyu kwangu alifanana nao.

Somo lenyewe likazidisha wasiwasi. Alinipa picha ya rangi za mafuta, uso wa mwanamke uliochorwa kama alivyokuwa hasa, niinakili. Lakini aliitundika kichwa chini, akaipitishia nyuzi zikafanya miraba, akaifunika yote isipokuwa mraba niliokuwa nikichora. Nikimuuliza huyu ni nani, ananijibu, "Wewe chora kile unaona, si kile unajua." Jioni anaifungia kabatini. Shangazi akasema ati mzee anauzia matajiri nakala akidai ni picha halisi, na punda wake ni mimi. Nikamwamini.

Mama, kuchora hivyo ni kupapasa gizani. Unapaka kivuli bila kujua ni cha pua au cha mdomo. Jumanne nilipomaliza, mzee akaondoa kitambaa na nyuzi, akazigeuza picha zote mbili. Nikaona haya, nikamwomba msamaha, maana alikuwa amenionya kwamba mwanafunzi asiye makini hujichora mwenyewe. Mwanamke wangu alikuwa na uso wangu mtupu, pamoja na hiki kishimo cha kidevuni ambacho hakuna mwingine nyumbani anacho. Mzee hakucheka. Akanionyesha picha yake. Kishimo kilikuwepo.

Aliyechorwa ni marehemu dada yake, Nyaruai. Wakati wa zile vurugu za uchaguzi wa 2007, mzee akiwa Nairobi, dada huyo alikimbilia kambini hapa Kitale na mtoto mchanga. Akaugua, akafa mvua zilipoanza. Waliokuwa naye walisema mama mmoja wa Kanduyi, Bungoma, aliyewauzia ndizi ndiye aliyemchukua mtoto asife njaa, na hawakumwona tena. Tangu hapo mzee humwona dada yake katika kila msichana anayepita, kwa hiyo hakuyaamini macho yake. Alitaka mkono wangu upime bila kujua unapima nini.

Mama, wewe uliuza ndizi Kitale. Uliniita Nelima kwa sababu, ulivyosema, nilizaliwa msimu wa kulima. Sasa najiuliza kama huo ndio msimu niliozaliwa, au ni msimu niliofika nyumbani. Nimekasirika, sikufichi. Na ninaogopa, kwani sijui kama ulininyamazia nisiumie au nisichukuliwe.

Mzee nimemwambia ukweli, kwamba ni Kanduyi. Anasema hataki kunichukua kwako, anataka tu kumshukuru aliyemlea mtoto. Bado simwamini kabisa, na nimemwambia asubiri.

Binamu Wekoye anakuletea barua hii pamoja na nakala yangu. Rangi haijakauka, usiiguse. Kama mwanamke huyu humjui, igeuze iangalie ukuta, nami sitauliza tena. Kama unamjua, itundike sebuleni karibu na picha yako ya harusi, nikija Krismasi niwakute nyote wawili.

Nisalimie Baba na mdogo wangu Derrick, na Mungu akutunzie hilo goti.

Ni mimi mwanao, na hilo silo ninalouliza,

Nelima