Nazi Zilizoanguka Asubuhi

Takaungu

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Huku tu wazima, na goti la mama yako limetulia. Mimi tu ndiye sina raha tangu nisome ujumbe wako. Wauliza kama uache kulipa benki ya zamani, kwa kuwa ile mpya unakohamishia mkopo wa nyumba imeahidi kulimaliza deni lote.

Usiache, mjukuu wangu.

Ujanani, mimi na babu yako tuliweka minazi yetu rehani kwa tajiri mmoja hapa. Mwezi usipolipwa, nazi ni zake. Tajiri wa pili akatupa masharti mepesi, akasema atamlipa mwenzake. Tukaamini, tukaacha kupeleka pesa. Kumbe hakuwa amemlipa bado. Asubuhi moja nikasikia nazi zinaanguka shambani mfululizo. Wakwezi wa tajiri wa kwanza walikuwa juu wanaangua. Babu yako hakuwazuia, maana haki ilikuwa yao.

Basi lipa huku na huku, hata ukibanwa mwezi mmoja. Kilichozidi kidai kwa maandishi, urudishiwe. Usisimamishe mpaka benki ya zamani ikupe barua kwamba deni limekwisha.

Ukiishika barua hiyo, nipigie siku hiyo hiyo. Mpaka leo nazi ikianguka uani nashtuka kwanza, ndipo nakumbuka kwamba ni yetu.

Bibi yako