Koti Limekwenda kwa Fundi

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika. Ufunguo wa akiba mpelekee jirani leo, si kesho tukiwa tunakimbilia ndege. Na lile begi kubwa usilifungue tena, umeshalichezea vya kutosha.

Mtaalamu wa nchi za baridi! Hujawahi kuvuka mpaka hata mmoja, lakini wiki nzima unatufundisha hapa sebuleni jinsi ya kutembea kwenye barafu. Asubuhi nafungua begi, koti langu halimo. Mahali pake umeweka pasi ya umeme. Eti uzito ulizidi, na hotelini huenda hawana pasi. Koti lenyewe umempa dada yako, na alikuwa amelivaa mezani, anakunywa chai.

Nikauliza, mimi nitavaa nini? Ukajibu mbele yake, "Wewe na mafuta hayo, baridi itapitia wapi?" Wifi akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mimi nikaendelea kutafuna mkate wangu.

Sasa nimekwenda kwa fundi cherehani. ~~Nitarudi mchana.~~ Nitarudi akimaliza. Nimempelekea koti lako jipya apunguze mabega, afupishe mikono, na kiunoni aongeze kitambaa, kwa ajili ya hayo mafuta.

Pasi nimeiacha humo humo begini, nimeizungushia soksi zako isikwaruzike. Huko baridi ikikushika, ivae.

Mkeo