Shokamzoba za Harusi ya Bakari

Ngamiani, Tanga

Kwa dada yangu Mwajuma,

Shikamoo dada. Kabla ya yote naitangazia jamaa yetu nzima, wakubwa kwa wadogo, na majirani nao wasikie, kwamba tangu Alhamisi mimi ndugu yenu nala nimesimama, nanywa nimesimama, na barua hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya pipa. Sababu utaiona mbele. Ukiacha mahali hapo pamoja, mimi mzima. Mama yu hali gani? Kile kifua kimemwachia? Na shemeji, bado anagombana na mbuzi wa jirani?

Dada, unamkumbuka Bakari, dereva wa meneja wa shamba la mkonge, yule niliyekuandikia kuwa ndiye mshenga wangu? Nilimtuma Usagara, hapa hapa mjini, kwa wazee wa Zuhura akaniposee. Alikwenda kunisemea, akarudi amejisemea. Aliwaambia wazee kwamba mimi, fundi wa karakana, ni manamba wa kukata mkonge, leo nipo, kesho nimerudi bara. Kisha akatoa posa yake. Nilipomkabili alicheka tu.

"Mtani, ulinituma nilete jibu. Si nimekuletea?"

Kwa kuwa tunaitana watani, karakana nzima ikacheka, na mimi ikanibidi nionyeshe meno.

Nikangoja. Juzijuzi akaniletea lile gari la meneja, la jeshi la zamani, linalovuta kwa magurudumu yote manne na kupita porini pasipo njia. Akasema nyuma linarukaruka, na wiki ya harusi yake ameruhusiwa kulitumia, basi nilitengeneze liwe laini kama godoro. Moyo wangu ukafurahi, dada. Nikamwona bibi harusi na mashangazi zake wamejaa kiti cha nyuma, wanagongana vichwa kutoka Usagara mpaka huku Ngamiani kwa Bakari, na kila shimo wanamlaani bwana harusi.

Ugonjwa wenyewe niliujua upesi. Nililikandamiza gari kila pembe kwa uzito wangu wote, nikaachia. Pembe tatu ziliinuka mara moja zikatulia. Ya nyuma kulia ikaendelea kuinama na kuinuka, kama mgeni anayeitikia lugha asiyoielewa. Nikaingia chini. Springi nzima, hakuna jani lake la chuma lililovunjika. Lakini shokamzoba, kile kibweta cha chuma chenye mafuta ndani kinachozuia springi isirushe watu, kilikuwa kimelowa na kushika vumbi. Mkono wake niliuinua kwa kidole, haukubisha. Ngozi inayozuia mafuta imekwisha, na mafuta yamekwenda zake. Dawa yake ni ngozi mpya na mafuta mapya. Mimi nikakipangusa, nikakipaka rangi nyeusi kikang'aa, kisha nikafungua na cha kushoto nikamwaga mafuta yake, ili ndugu wafanane.

"Tayari," nikamwambia.

Bakari akalizunguka gari, akalikandamiza nyuma kwa mkono mmoja, akalitazama linavyoitikia. Akaondoka nalo. Alhamisi asubuhi, kesho yake ndiyo harusi, akanipitia nyumbani nilikopanga, mbele ya majirani, akasema twende Tongoni tukamchukue bibi yake mzaa mama na masufuria ya pilau. Nikasema nina kazi.

"Fundi anaogopa gari alilotengeneza mwenyewe?"

Majirani wakageuka kunitazama. Nikafungua mlango wa mbele.

"Nyuma, mtani. Mbele ni kwa bibi."

Barabara ya Tongoni wewe huijui. Mimi sasa naijua shimo kwa shimo. Kurudi, bibi kizee alisinzia mbele juu ya mto wake, nami nyuma nimekumbatia masufuria, tunapanda pamoja, tunashuka kila mmoja kwa wakati wake. Bakari akawa ananiuliza kwa upole kama ni laini. Nikamjibu ni laini.

Nisalimie mama, umwambie mkwe bado anatafutwa. Msalimie shemeji, na mjomba aliyenifundisha kushika spana, ila yeye usimsomee habari za ile ngozi.

Najua utauliza Zuhura alilionaje gari. Hakulipanda. Kwetu bibi harusi hupelekwa kwa mume. Huku pwani hukaa kwao, bwana harusi ndiye anayemfuata, na Bakari alikwenda kwa miguu.

Mdogo wako,
Selemani