Mbegu yenye Kuua Badudu

Mulekera, siku ya tatu

Ule bwana wa mbegu, hapana, siwezi kumwamini. Asubui alifika shambani na mahindi ya kupanda. Eti balibadirisha mbegu yenyewe mu labo, mududu akikula jani anakufa.

Nikamuuliza, "Na mutu akikula?"

Akacheka. "Mama, mutu hapana mududu!"

Kavira, bibi ya kaka yangu, akapokea mufuko palepale. Miye nikamwambia ule bwana, "Bon, siku ya kuvuna utakuya kukula fufu yake pamoja na batoto yangu?"

Akaangalia simu. Eti kazi iko mingi.

Donc nikamurudishia mufuko wangu, nikapanda mbegu ya zamani. Mais mwaka jana badudu balimaliza shamba yote. Kama ya Kavira inabakia kijani, batoto nitabaambia nini?