Kabla ya Mjamzito, Mama Mkwe

Mwanangu Neema,

Huku kwetu Endasak tu wazima, ila mtoto anaota meno na mimi silali. Umeuliza huko Mbulu utapataje wajawazito wa kuwahudumia wakishajifungua, kuwapikia uji na kuwaogeshea watoto. Mama yako mdogo nilianza kwa aibu. Nilimwambia mjamzito mmoja kisimani, mbele ya mama mkwe wake, "Ukijifungua niite, nitakuhudumia."

Mama mkwe akatua ndoo. "Kwani sisi tumekufa?"

Wanawake wakacheka. Sikujua niweke wapi uso.

Jioni nikampelekea kuni. "Shikamoo mama. Nilikosea. Siku ikifika, naomba nikusaidie wewe."

"Uji unajua kupika, au maneno tu?"

Nikaupika palepale. Mpaka leo naona haya kupita kwake, ingawa ndiye aliyenitangaza kwa majirani. Basi wewe anza kwa kumwamkia mama mkwe wa mjamzito.

Mama yako mdogo